Namba 31 ni Mama yangu, na bado sijamwambia

Mpendwa Maman Mutale,

Nisaidie kabla ujasiri haujaniishia, maana barua hii nimeianza mara nne na mara nne nimeichana, na kila nikiichana najiambia kwamba mtu aliyesoma miaka saba habari za mwili wa binadamu hapaswi kuliandikia gazeti kuuliza afanye nini, lakini ninachokitafuta hakimo kwenye vitabu vyangu, na watu ambao ningeweza kuwauliza ndio haohao ninaowaficha.

Nina miaka ishirini na sita. Niko mwaka wa mwisho wa udaktari pale chuoni Kasapa, na ninaishi na mama yangu mtaa wa Kasungami, katika nyumba aliyotuachia baba pamoja na shamba dogo la mahindi nyuma yake. Baba alikuwa mtu wa reli kama baba yake, watu wa kaskazini waliokuja na treni wakabaki hapa. Kaka yangu Aristote amejenga upande wa pili wa uwanja wa nyumba hiyohiyo, anaishi na mke wake Plamedie na mtoto wao. Majina yote nimeyabadilisha, lakini mambo yenyewe sikuyabadilisha.

Lazima kwanza ujue Mama alivyokuwa. Kwa miaka ishirini alifanya biashara ya unga kati ya Mokambo na hapa, na kule mpakani walimwita Maman Pilipili, wala hakukasirika, aliitika. Madereva walimwogopa, wabeba mizigo walimwogopa, na sisi watoto wake tulimwogopa tukimpenda, kama mtu anavyopenda moto wa jikoni akiwa amekaa mbali nao kidogo. Nilipokuwa na miaka tisa nilimletea cheti cha shule, nikiwa wa pili darasani, akakisoma chote, akanirudishia, akauliza, "Na ule wa kwanza, yeye anakulaka nini?" Halafu akaendelea kufunga magunia. Nilikuwa wa kwanza miaka yote iliyofuata, Maman Mutale, na sijui kama nilifanya hivyo kwa kupenda masomo au kwa kungoja aseme neno lingine.

Miaka miwili iliyopita, siku ya ubatizo wa mtoto wa Aristote, chakula kilichelewa, na Mama, mbele ya wageni, mbele ya mama mzazi wa Plamedie aliyekuwa amekaa na sahani tupu magotini, akasema, "Huyu mwanamuke alikuya hapa na sanduku moja na uvivu mbili." Wengine walicheka. Kesho yake asubuhi sanduku halikuwepo, wala Plamedie, wala mtoto, na Aristote akakaa kwenye kizingiti cha nyumba yake siku nzima bila kuvua viatu vya kazi.

Zikapita siku tatu. Kisha akaanza novena, sala ya siku tisa, kwenye groto ya parokia yetu, lile pango la Bikira Maria, na kwa kuwa nilimsindikiza nilimsikia kwa masikio yangu, nikiwa nimepiga magoti nyuma yake: "Uniondolee huu moto, Baba. Unipe moyo ya pole." Siku ya kumi akapanda basi akaenda kwa wazazi wa Plamedie, akapiga magoti mlangoni, yeye Maman Pilipili, akaomba msamaha kwa sauti ambayo majirani waliisikia, na wiki hiyohiyo Plamedie akarudi.

Baada ya hapo, mwezi baada ya mwezi, Mama akabadilika. Aliacha kugombana, kisha akaacha kwenda Mokambo, akasema barabara zimemchosha. Alianza kukaa uwanjani na bakuli la maharagwe ya kuchambua, na ukipita baada ya saa moja unamkuta na maharagwe yaleyale na usingizi usoni. Uso wake ukajaa, ukawa laini, watu wakasema amani inamnenepesha. Sauti yake ikashuka. Kwenye kwaya alikuwa sauti ya kwanza tangu nizaliwe, na mwaka huu Papa Stanislas anayewafundisha kuimba akamtania, "Maman, sasa tukuweke na banaume?" Zamani angemjibu jibu ambalo lingemfuata hadi nyumbani kwake. Safari hii alifikiri, akatabasamu polepole, akasema, "Uniweke kwenye kuko kiti, Papa." Watu wakacheka kwa upendo. Siku hizi wanawake wa shirika letu la parokia wanamletea wakwe zao wapya awape mashauri, na yeye anawasimulia jinsi Mungu alivyomzima moto, na mabinti wanalia, na Plamedie mwenyewe akipita na ndoo ya maji anasema, "Mama mukwe wangu iko zawadi."

Na mimi, sasa nakuja kwenye kitu ninachoona aibu kukiandika, mimi nikirudi kutoka Kasapa jioni naweka kichwa changu kwenye mapaja yake na yeye ananishika nywele. Hakuwahi kufanya hivyo nilipokuwa mtoto, hakuwa na muda, hakuwa na mikono iliyotulia. Ananiuliza kama nilikula. Anasahau nilichojibu na kuniuliza tena, na mimi najibu tena, na hata kusahau kwake nilikupenda, kwa sababu kulifanya niulizwe mara mbili.

Sasa nikueleze kazi yangu. Ili tumalize masomo kila mmoja wetu anafanya utafiti, na mimi nilichagua kuangalia jinsi moyo unavyofanya kazi kwa watu ambao tezi yao ya shingo, ile tunayoiita tiroide, inafanya kazi chini ya kiwango. Tezi hiyo ikipunguza kazi, mwili wote unapunguza mwendo, na moyo pia: unapiga polepole, misuli yake inachelewa kulegea ili ipokee damu, na wakati mwingine maji yanajikusanya kwenye mfuko unaouzunguka. Mashine ya ekografia inayaona yote hayo bila kumchoma mtu sindano. Nilikuwa na wagonjwa thelathini, na nilihitaji watu wengine thelathini wenye afya wa kuwalinganisha nao, na hapo ndipo shida ilipoanza, maana watu wenye afya hawakutaka kuja. Jirani mmoja aliniuliza, "Muntu anaendaka ku hospitali bila ugonjwa, anatafuta nini kule?" Nikawaomba watu wa kwaya, nikawaomba marafiki wa Aristote, na kwa kuwa nilikuwa nimebakiza watu wachache nikamwomba Mama.

Fomu ya watu wenye afya ina maswali kumi na mawili, na mtu akijibu ndiyo kwa maswali kadhaa hatumchukui, tunampeleka kwa daktari. Niliwauliza wote, mmoja mmoja, kwa subira. Ya Mama niliijaza mwenyewe kwenye korido huku yeye amekaa pembeni yangu, bila kumuuliza, kwa sababu nilijiambia namjua. Anachoka kuliko zamani? Hapana. Anasikia baridi wakati wengine wanasikia joto? Hapana. Sauti imebadilika? Hapana. Ulikuwa mwezi wa kumi, Maman Mutale, unajua mji huu unavyokuwa mwezi wa kumi kabla mvua haijaanza, na mama yangu alikuwa amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na kiwiko chake kilikuwa kinagusa kalamu yangu.

Anayepiga picha kwenye mashine anaitwa Jeannot, kijana mcheshi. Akamwambia Mama alale ubavu wa kushoto, akampaka ile dawa nzito ya kupitisha kifaa.

"Eh, munanipaka barafu?" Mama akasema.

"Maman, vumilia, iko kidogo tu."

"Hii mashini inaona na zambi?"

"Hapana, Maman, inaona moyo."

"Basi angalia. Moyo haina shida. Shida ilikuwaka kinywa."

Jeannot alicheka, kisha akaacha kucheka, akarudi sehemu ileile akaipiga picha mara tatu, na mimi nilidhani anatafuta pembe nzuri. Yeye haruhusiwi kusema anachokiona. Picha zote zinakwenda kwa mwalimu wangu, Dokta Musonda, na anazisoma baadaye bila majina, kwa namba tu nilizozichanganya, asijue nani mgonjwa na nani mzima, ili jicho lake lisipendelee. Orodha ya majina ninayo mimi peke yangu.

Siku tuliposoma zile picha, yeye kwenye kioo, mimi pembeni nikiandika vipimo, alifika namba 31 akasimama. "Hii ni ya bagonjwa, hakuna haja ya kuniambia," akasema. "Tazama moyo inavyojivuta. Na maji hii hapa, kidogo, lakini iko." Nikatazama. Ulikuwa moyo unaofanya kazi kama mtu anayepanda mlima na mzigo. "Alianza dawa?" akauliza.

Nilikuwa najua namba 31 ni nani.

"Ndiyo, Dokta," nikasema.

"Bon. Huyu asingojeshwe."

Kesho yake majibu ya damu aliyotolewa siku ya picha yakaja, na kipimo cha homoni inayoisukuma tezi, ambayo hupanda tezi ikilegea, kilikuwa juu mara ishirini ya kinachokubalika. Nikafunga mlango wa chumba cha kompyuta, nikafuta mstari wa namba 31, nikatafuta mtu mwingine wa kujaza nafasi yake, na leo ni siku ya kumi na tisa. Nimenunua dawa yenyewe, iko kwenye mkoba wangu chini ya madaftari, na mara mbili nimefikiri kuisaga na kuitia kwenye uji wake ili apone bila kujua kwamba alikuwa anaumwa.

Jumapili iliyopita, akipanda ngazi za kwaya, ngazi tano tu, aliketi kwenye ya tatu. Nilimfuata. Alikuwa anapumua kwa mdomo. "Nimezeeka, mama," akaniambia, ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Ana miaka hamsini na minne. Na mapadri wamemwomba siku ya sikukuu ya parokia, ambayo ni wiki mbili kutoka sasa, asimame mbele ya watu wote atoe ushuhuda wa jinsi sala ilivyompa upole.

Sasa niambie wewe. Nikimwambia kwamba upole wake ni tezi, kwamba kile anachokishukuru kila asubuhi ni ugonjwa, nitakuwa nimempokonya jibu la Mungu wake na nimemwacha na nini? Na akipona, akirudi alivyokuwa, Plamedie atakaa? Hayo ndiyo maswali ninayoweza kuyasema kwa sauti. Lile ambalo siwezi ni hili: najua moyo wake unazama kidogo kidogo, nimeuona kwa macho yangu, na bado kila jioni nikiweka kichwa pale mapajani nasema moyoni, siku moja zaidi, niache niwe na huyu siku moja zaidi. Mimi ni mtoto wa namna gani?

Binti wa Kasungami

*

Maman Mutale anajibu:

Binti yangu,

Nilikupigia Jumanne kwenye namba uliyoiandika chini ya barua, mara tatu, na hukupokea. Pengine ulikuwa kwenye masomo. Pengine ulijua ni mimi. Basi nakujibu hapa gazetini, na nitasema haraka, maana mama yako amekwisha kungojeshwa vya kutosha.

Kwanza nikugombeze, kwa kuwa naona siku hizi nyumbani hakuna anayekugombeza.

Umewauliza marafiki wa kaka yako na waimbaji maswali kumi na mawili, kwa subira, mmoja mmoja. Mama yako hukumuuliza hata moja. Umeandika kwamba unamjua. Hukuwa unamjua, ulikuwa unamfurahia, na mtu tunayemfurahia hatumtazami sana, tunaogopa tukimtazama atabadilika. Jifunze hilo sasa ungali na mwalimu, kwa sababu mwaka kesho watu watakuita dokta, na atakuja mtu mwingine unayempenda, na utakuwa na kalamu mkononi.

Pili, mwalimu alikuuliza kitu kimoja tu chenye maana, kama huyo mtu ameanza dawa, na ukamdanganya. Kufuta mstari kwenye kompyuta hakukupunguza hata tone moja la maji kwenye moyo wa mama yako. Unajua hivyo kuliko mimi.

Tatu, dawa iliyo chini ya madaftari. Mimi si daktari, kwa hiyo nimemuuliza mmoja, bila kutaja mtu, na alivyosikia habari ya uji alishika kichwa. Alisema moyo uliozoea kwenda polepole kwa muda mrefu hauamshwi kwa kushtukizwa. Wanaanza na dozi ndogo, wanaongeza taratibu, wanapima damu, wanausikiliza moyo, na mgonjwa mwenyewe anapaswa kujua ili akisikia kifua kinambana au moyo unakimbia aseme mara moja. Mtu anayepewa dawa kwa siri atasema nini, na kwa nani? Atakwambia tena kwamba amezeeka. Toa kiboksi hicho kwenye mkoba na umpelekee Dokta Musonda pamoja na maneno yako.

Nimemaliza kugombeza. Sasa sogea karibu.

Umeniuliza wewe ni mtoto wa namna gani. Wewe ni mtoto aliyengoja kushikwa nywele hadi miaka ishirini na nne, na ulipopata ukashindwa kuachia. Sioni ubaya wowote katika kutamani. Wasomaji wangu wengi wakisoma barua yako watakumbuka mama zao na mikono ambayo haikutulia, mikono iliyofunga magunia ili watoto wasome. Mimi mwenyewe niliisoma, nikaiweka chini, nikaenda kusimama dirishani kwanza. Lakini kukipenda kitu hakukupi haki ya kukilinda kwa kumnyima mwingine pumzi.

Na nadhani umekosea mahali pamoja pakubwa, pamoja na akili yako yote. Soma tena barua yako, ile sehemu ya novena. Mama yako alipanda basi siku ya kumi. Siku ya kumi, binti yangu. Sauti ilikuwa haijashuka, uso ulikuwa haujajaa, bado alikuwa anasafiri kwenda Mokambo, wewe mwenyewe umeandika kwamba hayo yalikuja baadaye, mwezi baada ya mwezi. Aliyepiga magoti mlangoni kwa akina Plamedie alikuwa Maman Pilipili mwenyewe, na nguvu zake zote, na ulimi wake wote, na aliutumia kuomba msamaha hadi majirani wakasikia. Tezi iliyolegea inaweza kumfanya mtu alale juu ya maharagwe. Haimpandishi basi kwenda kukiri kosa. Umechanganya vitu viwili kwa sababu vilifuatana: toba yake na ugonjwa wake. Ugonjwa utibiwe. Toba ilikuwa yake kabla ugonjwa haujaonekana, na kidonge hakiigusi.

Kwa hiyo usimwambie kwamba upole wake ni tezi. Si kweli, na daktari hasemi lisilo kweli. Kama Mungu alimjibu au la, hilo mimi sina mashine ya kulipima na wewe pia huna. Mwambie unachokijua. Mwambie tezi ya shingo imepunguza kazi, ndiyo maana anasikia baridi, anachoka, anasinzia, sauti imeshuka, na moyo unafanya kazi kwa shida, na kwamba ipo dawa, na kwamba mioyo ya namna hiyo mara nyingi inarudi vizuri ikitibiwa mapema. Kisha mwambie neno gumu: kwamba umejua kwa siku nyingi na ulinyamaza. Mwambie na sababu. Usiipambe. Sema ulikuwa unaogopa kumpoteza huyu anayekushika nywele. Mwanamke aliyejua kuomba msamaha kwa sauti atajua pia kuupokea.

Sasa utaratibu, na uufuate hivi nilivyouandika. Leo hii, kabla ya jambo lingine lolote, nenda kwa Dokta Musonda umwambie namba 31 ni nani na kwamba hajameza hata kidonge kimoja. Atakasirika. Mwache akasirike, mwulize mama aletwe saa ngapi. Namba 31 irudi kwenye karatasi zako, na iandikwe wazi kwamba aliingizwa kati ya wazima kimakosa na kosa ni lako. Utafiti unaoficha kosa hautamsaidia mgonjwa yeyote. Ukitoka hapo nenda nyumbani umwambie Mama, yeye kwanza na yeye peke yake. Si Aristote kwanza, si Plamedie, si padri. Mwili ni wake, ataamua mwenyewe nani ajue. Halafu mpeleke saa ile daktari aliyosema, na ukae naye, na safari hii maswali yote kumi na mawili aulizwe yeye na ajibu kwa kinywa chake. Kama kabla ya hapo atashindwa kupumua akiwa amelala, au akawa mgumu kuamshwa, au mwili ukawa baridi na maneno yake hayaeleweki, usingoje miadi, chukua gari.

Usimzuie kutoa ushuhuda kwenye sikukuu kama bado anataka. Anacho cha kusema. Pengine atasema na habari ya tezi, na nakuhakikishia kwamba kati ya wanawake watakaomsikiliza kuna wawili au watatu waliovaa sweta mwezi wa kumi na wanadhani ni uzee.

Plamedie nadhani unamdharau kidogo bila kujua. Hakurudi kwa sababu mama mkwe alikuwa mchovu. Alirudi kwa sababu aliombwa msamaha. Mama yako akipata nguvu anaweza kumkosea tena, sisi sote tunakoseana, na sasa wote wawili wanajua njia ya kwenda na kurudi.

Na wewe? Dawa hii ni ya kila siku, kidonge asubuhi tumbo likiwa tupu, chai na chakula baadaye, na labda itakuwa ya maisha yake yote. Uwe wewe wa kumkumbusha. Baada ya wiki kadhaa watapima damu tena, baada ya miezi Jeannot atamlaza tena ubavu wa kushoto, na jioni unaweza kuendelea kumwomba mapaja yake, mtu mzima anaruhusiwa kuomba. Mwambie tu, Mama, nishike nywele. Zamani hukuwahi kumwambia, ulikuwa unaleta vyeti.

Kisha itafika asubuhi moja, binti yangu, atasimama kwenye mlango wa jikoni na sauti yake ya kwanza, akuulize ni msomi gani anayelaza sufuria chafu ya ugali wa bukari usiku kucha. Siku hiyo usiniandikie. Osha sufuria.